Wachoraji Waliotafuta Ukuta

Oxford Street haimpi nafasi mtu anayesimama. Nilisimama pale saa tatu asubuhi, begi begani na daftari mkononi, umati ukinipita kulia na kushoto kama maji ya mto yanavyopita jiwe. Nilikuwa natafuta mgahawa ambao nilijua haupo tena. Nilitaka tu kuukanyaga mtaa uliokuwa na Stratford Coffee House, ambako tarehe 30 Novemba 1804 wachoraji kumi walikaa mezani wakaunda chama chao. Sikuona kibao wala alama yoyote. Niliona madirisha ya maduka ya nguo, mabasi mekundu yaliyofuatana kama treni, na mvua nyepesi iliyoanza kuloanisha ukurasa wangu kabla sijaandika lolote.

Nafundisha sanaa katika shule ya sekondari mjini Tanga. Kwa miaka mingi nimefundisha kwa rangi za maji kwa sababu ndizo tunazozimudu: kiboksi kimoja kwa wanafunzi wanne, kopo la maji, brashi na karatasi. Mwanzoni nilizichukulia kuwa rangi za kusubiria mpaka siku tutakapopata turubai na rangi za mafuta. Kisha zikaniteka. Rangi ya maji haikubali kufichwa. Ukikosea, kosa linaonekana. Ukitaka weupe, lazima uuache tangu mwanzo, kwa kuwa weupe ni karatasi yenyewe. Mzazi mmoja aliwahi kuniuliza, kwa adabu kabisa, "Mwalimu, hawa watoto wataanza lini kuchora picha za kweli?" Sikuwa na jibu la haraka. Niliposoma kwamba swali kama hilo liliwakera watu wa London zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, na kwamba walilijibu kwa kuunda chama ambacho bado ki hai, nilianza kuweka akiba ya nauli.

Dada yangu mkubwa, ambaye ni muuguzi mashariki mwa London, alinipokea na kunipa chumba cha uani. Nilipofungua mizigo aliokota kifuko kidogo cha kitambaa akakinusa.

"Mdogo wangu, huu ni ubani?"

"Hapana, dada. Ni gundi ya mgunga. Rafiki yangu ameniletea kutoka Isiolo."

"Na unakwenda kugundisha nini huku?"

Nilimweleza kwamba ndiyo inayoishikisha rangi ya maji kwenye karatasi. Unga wa rangi peke yake ni vumbi; ukikauka unapeperuka. Gundi hiyo, inayotoka kwenye gome la mgunga katika nchi kavu, Sudan hasa, na pia kaskazini mwa Kenya, huyeyuka majini, hushika unga na kuubandika. Vile vipande vya rangi alivyoanza kuuza William Reeves hapa London karibu na 1780, vigumu kama sabuni na vyepesi kubeba mfukoni, vilikuwa na gundi hiyo ndani. Bila machozi ya miti ya nyika, mandhari ya Uingereza yasingechorwa yalivyochorwa. Dada alikirudisha kifuko mezani kwa uangalifu zaidi ya alivyokichukua.

Wale kumi wa mgahawani walikuwa watu wa kazi mbalimbali. William Frederick Wells, aliyelisukuma wazo, alikuwa mwalimu wa kuchora kama mimi. Samuel Shelley alichora sura ndogondogo za watu. Robert Hills alichora wanyama. Nicholas Pocock alikuwa nahodha kabla ya kuwa mchoraji wa merikebu. John Varley na mdogo wake Cornelius walikuwa vijana, na pamoja nao walikuwapo William Sawrey Gilpin, Francis Nicholson, W. H. Pyne na John Claude Nattes. Waliojumuika nao baadaye walikuwa sita, wakawa kumi na sita. Walichotaka ni ukuta.

Ukumbi mkubwa wa maonyesho wakati huo ulikuwa wa Royal Academy, iliyoanzishwa 1768, ndani ya Somerset House kando ya Mto Thames. Nilikwenda kuliona jengo hilo. Leo vyumba vile vimetulia, lakini zamani picha zilibanwa kutoka chini mpaka karibu na dari, fremu ikigusana na fremu. Fikiria picha ya mafuta yenye urefu wa mtu, imepakwa vanishi ikang'aa, imezungushiwa dhahabu. Kisha pembeni yake karatasi yenye mto, ukungu na mti mmoja. Ni sawa na kumtaka mpiga zeze ashindane na ngoma. Tena sheria za Academy hazikumruhusu aliyefanya kazi kwenye karatasi tu kuchaguliwa kuwa mwanachama wake. J. M. W. Turner, rafiki mkubwa wa Wells na bingwa wa rangi za maji kuliko wote, alikuwa mwanachama wa Academy kwa ajili ya picha zake za mafuta, na kwa sababu hiyo hiyo hakujiunga kamwe na chama cha rafiki zake.

Ilinichukua muda kuelewa uchungu wa jambo hilo, na nadhani lugha yetu ndiyo iliyonichelewesha. Kiswahili kinamwita mchoraji aliyeshika penseli na aliyeshika brashi kwa jina moja. Waingereza walitenganisha: kazi ya rangi za maji iliitwa mchoro, kitu cha kutayarishia kazi nyingine, na aliyeifanya alionekana fundi wa kutia rangi ramani na picha za majengo. Ndiyo maana wale kumi walijiita Society of Painters in Water Colours. Neno walilolipigania ni Painters. Walidai kwamba wao nao wanapaka picha, picha kamili, na kwamba maji hayapunguzi hadhi ya kazi.

Kutoka Oxford Street hadi Brook Street ni mwendo mfupi. Wageni wengi huja mtaa huo kuona nyumba nambari 25 alimoishi Handel, mtunzi wa muziki. Mimi nilitembea nikitazama juu, kwenye matofali na madirisha marefu, nikiwaza asubuhi ya tarehe 22 Aprili 1805, chama kilipofungua milango ya maonyesho yake ya kwanza katika nambari 20 ya mtaa ulioitwa wakati huo Lower Brook Street. Vilitundikwa vipande 275, rangi za maji tupu. Kiingilio kilikuwa shilingi moja. Kabla maonyesho hayajafungwa, karibu watu 12,000 walikuwa wameilipa.

Nililisoma neno hilo, shilingi, nikasikia nyumbani. Namna walivyozigawa shilingi hizo pia ingeeleweka na mwanamke yeyote wa Tanga aliye kwenye kikoba. Gharama zilipokwisha kulipwa, kilichobaki kiligawanywa kwa wanachama kulingana na thamani ya kazi alizoleta kila mmoja. Hawakuwa na mfadhili wala mfalme wa kuwaangalia. Walikuwa na daftari la hesabu, katibu, na mikutano ya kupiga kura kumkubali au kumkataa anayeomba kuingia. John Varley, ambaye madeni hayakumwacha maisha yake yote, alileta picha kwa wingi usioaminika. Kwa miaka aliyoishi ndani ya chama alitundika zaidi ya 700. Alifundisha pia, na waliopita mikononi mwake, David Cox, Copley Fielding, William Henry Hunt, ndio waliokuja kukibeba chama baada yake. Kama kuna mtu mmoja katika historia hii ambaye ningependa kukaa naye barazani, ni yeye.

Penye pesa za pamoja, kuaminiana hujaribiwa mapema. Mwaka 1807 chama kilimfukuza Nattes, mmoja wa wale kumi wa mgahawani, kwa kutundika kazi za watu wengine kwa jina lake. Ukikumbuka jinsi ziada ilivyogawanywa, utaona kwamba kosa hilo liligusa heshima na mfuko kwa pamoja. Miaka mitano baadaye likaja jaribu kubwa zaidi. Vita na Napoleon vilikuwa vimebana mifuko ya wanunuzi, watazamaji wakapungua, na wanachama wakaogopa kwamba badala ya kugawana faida watagawana hasara. Mwishoni mwa 1812 wakakivunja chama. Baadhi yao wakakiunda upya na kuruhusu rangi za mafuta ziingie. Nina huzuni kila nikisoma ukurasa huo. Waliukimbia ukuta wa ngoma, wakajenga wao, kisha wakaikaribisha ngoma ndani ili wapate watu. Ilidumu hivyo mpaka 1820, walipokutana na kuamua kurudi kwenye maji matupu.

Uamuzi huo uliwalipa. Baada ya misimu miwili katika ukumbi wa Egyptian Hall, Piccadilly, mwaka 1823 walihamia Pall Mall East, hatua chache kutoka pale ulipo sasa uwanja wa Trafalgar Square. Jengo la National Gallery, ambalo leo watalii hupanga foleni mbele yake, lilikuwa halijajengwa. Chama kikakaa hapo miaka 115. Nilizunguka kona ile mara tatu, mbele na nyuma, mpaka Whitcomb Street, mtaa mwembamba uliojificha ambako mwaka 2022 chama kilirudi kufungua chumba cha maonyesho karibu na makao yake hayo ya zamani.

Wachoraji wa enzi za Pall Mall East ndio walionifundisha bila kunijua. David Cox, kwa mfano. Mwaka 1836 alikutana na karatasi ya Scotland ya kufungia mizigo, nene, ya kukwaruza, yenye madoadoa ya nyuzi nyeusi. Wengine wangeitupa. Yeye aliipenda kwa sababu ilikunywa maji vizuri, ikampa mawingu na upepo ambao karatasi laini zilimnyima. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa anafanyaje na madoa yanayoangukia angani, alijibu kwamba huyatia mbawa yakawa ndege. Tangu nilipowasimulia wanafunzi wangu kisa hicho, hakuna anayelia karatasi ya kaki ikigawiwa. William Henry Hunt, aliyekuwa na ulemavu wa miguu, alikaa chumbani akachora viota vya ndege na matunda kwa subira ambayo wakosoaji walishindwa kuieleza, na watu waligombania kuzinunua picha zake.

Kufaulu kukaleta wivu. Chama kilikuwa kimeweka kikomo cha wanachama, na waliobaki nje walichoka kusubiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1830 wakaunda chao, New Society of Painters in Water Colours. Wale wa kwanza wakaanza kuitwa Wazee, jina ambalo watu wa sanaa wa London walilitumia kwa miongo mingi. Sina ubishi na waliojitenga. Aliyenyimwa ukuta jana ana wajibu wa kuukumbuka uchungu wake leo akishika mlango, na Wazee hawakuukumbuka.

Hawakuukumbuka pia kwa wanawake. Katika miaka ya mwanzo kabisa walimpokea Anne Frances Byrne, mchoraji wa maua, na baada yake wengine. Picha zao zilitundikwa na zilinunuliwa. Lakini mwanamke hakuwa na kura katika kuendesha chama, na ingawa hakubebeshwa hasara, faida nayo hakugawiwa. Mpaka Helen Allingham, aliyechora nyumba za mashambani na bustani zake, alipopewa uanachama kamili mwaka 1890, ilikuwa imepita miaka 86 tangu siku ya mgahawani. Malkia Victoria alikuwa amewapa cheo cha kifalme mwaka 1881. Kwa miaka tisa chama chenye baraka za mwanamke kilikuwa hakina mwanamke mmoja mwenye kura. Katika darasa langu wasichana ni wengi kuliko wavulana. Jambo hilo niliandika kwenye daftari kwa herufi kubwa.

Siku ya tano nilikwenda British Museum, kwenye chumba cha kusomea michoro, kwa miadi niliyoomba kabla ya kusafiri. Unaosha mikono, unatumia penseli tu, na picha inaletwa kwenye sanduku kana kwamba ni mgonjwa aliyelala. Niliomba kuona kazi za Thomas Girtin, aliyekufa 1802 akiwa na miaka 27, miaka miwili kabla ya chama kuundwa. Wengi waliojiunga walikuwa wamejifunza kwa kumtazama yeye. Moja ya karatasi zile ilikuwa na anga la rangi ya waridi iliyochujuka, na nilidhani ni machweo.

Haikuwa machweo. Girtin alichanganya nili na udongo mwekundu ili apate kijivu cha mawingu ya mvua. Nili hufa kwa mwanga. Mwaka hadi mwaka dirisha liliila bluu yake, udongo ukabaki peke yake, na wingu la mvua likageuka waridi. Nilikaa mbele ya karatasi hiyo muda mrefu. Neno nili tunalo sisi, limo katika nguo za bibi zetu, na hapo niliiona ilipokuwa imekwenda.

Nilielewa pia kwa nini mwaka 1886 kulikuwa na ugomvi mkali magazetini. J. C. Robinson, mtaalamu wa makumbusho, alionya kwamba rangi za maji zilizotundikwa kwenye mwanga zilikuwa zinaharibika. Wachoraji wakapinga kwa nguvu, maana nani atanunua kitu kinachoyeyuka ukutani? Serikali ikawaagiza wanasayansi wawili, Russell na Abney, wapime. Ripoti yao ya 1888 ilionyesha kwamba onyo lilikuwa la kweli: rangi nyingi zilipauka kwa mwanga, baadhi upesi sana. Tangu hapo watunzaji hupunguza taa. Frederic Burton, mwanachama kutoka Ireland, alionyesha mwaka 1864 picha ya mwanamke na shujaa wake wakiagana kwenye ngazi za mnara, gauni la bluu ambalo hutalisahau. Picha hiyo ipo Dublin, na huonyeshwa kwa saa chache tu kwa wiki, kisha hufunikwa. Burton huyo huyo alijiuzulu mwaka 1870 kumuunga mkono mwenzake Edward Burne-Jones, aliyeondoka chamani baada ya picha yake yenye mwanamume uchi kulalamikiwa na kuondolewa ukutani. Burne-Jones alirudi miaka 16 baadaye. Burton alikuwa amekwenda zake, akawa mkurugenzi wa National Gallery, jirani na ukumbi aliouacha.

Ukuta uliotafutwa kwa taabu hiyo, basi, ndio unaoila kazi. Nilitoka nikiwa na wazo hilo na sikuweza kuliweka chini siku nzima.

Mwaka 1938 chama kiliondoka Pall Mall East kikaenda Conduit Street, na mwaka 1980 kikavuka mto hadi Bankside Gallery, ambako nilikifuata. Ni chumba cha chini cha jengo la kawaida, kando ya Thames, karibu na daraja la Blackfriars. Mgongoni mwake limesimama Tate Modern, kituo cha umeme cha zamani chenye mnara wa matofali unaoonekana kutoka mbali. Umati hupita mbele ya mlango mdogo kuelekea mlango mkubwa. Niliingia kwenye ule mdogo.

Ndani kulikuwa na utulivu wa msikiti baada ya sala. Chama, ambacho leo huitwa Royal Watercolour Society, kinapokea kazi yoyote ya karatasi iliyofanywa kwa rangi inayochanganywa na maji, kwa hiyo pembeni mwa ukungu wa mito niliona wino mweusi, rangi nzito za akriliki, na karatasi moja iliyokuwa nyeupe karibu yote, yenye doa moja la kijani chini kushoto. Wanachama bado huchaguana kwa kura, kwa kuziweka kazi za mwombaji mbele yao na kuzitazama. Mwanamke mzee aliyekuwa anatazama picha ile nyeupe alijitambulisha kwangu kuwa mchoraji. Akanieleza desturi yao: kila anayechaguliwa hukiachia chama kazi moja, iingie katika mkusanyo ambao umekua kizazi kwa kizazi. Nikamuuliza mtu anachaguaje ya kuacha. Akasema wapo wanaotoa iliyo nzuri, na wapo wanaotoa ile ambayo wasingeweza kuiuza kwa mtu yeyote. Akaniuliza nimetoka wapi, na nilipomwambia nina gundi ya mgunga mfukoni, aliomba aione. Aliishika kwenye mwanga wa dirisha. Alikuwa ametumia gundi hiyo miaka hamsini, akasema, na hajawahi kukiona kipande kilichotoka kwa mtu aliyekipata mtini.

Nilimwachia nusu.

Nusu iliyobaki niliiloweka usiku ule katika glasi ya dada, jikoni. Asubuhi ilikuwa imeyeyuka, maji mazito ya rangi ya asali, na takataka za gome zimezama chini. Nilichuja kwa kitambaa. Nilikuwa nimebeba pia udongo mwekundu wa Lushoto, niliouosha na kuuanika nyumbani, nao nikausaga kwa kitako cha glasi juu ya sahani, kidogo kidogo, nikiongeza gundi, kisha asali tone moja ili rangi isipasuke ikikauka, na tone la mafuta ya karafuu ili isiote ukungu. Ndivyo watengenezaji wa rangi wanavyofanya tangu zamani. Dada aliingia akiwa amevaa sare ya kazi, akasimama mlangoni.

"Kunanukia Pemba humu," akasema.

Akaketi, ingawa basi lake lilikuwa karibu kupita. Nilitandika karatasi, nikailowanisha, nikaushusha udongo wa Usambara kutoka ukingo wa juu kwa brashi pana. Nyumbani Tanga, juani, rangi ingekauka kabla sijafika nusu. Hapa ilikuwa inatembea bado, polepole, ikitafuta mabonde ya karatasi. Tulikaa tukiitazama, na chini kabisa niliacha ukanda mweupe bila kuugusa.